Mawazo Hayafukuzwi, Hupangwa

Mtu akionekana amejiinamia, ushauri wa kwanza atakaopewa unajulikana: "Acha mawazo." Mwingine ataongeza, "Usiwaze sana, utapata presha." Wanaosema hivyo wana nia njema, ila hawajamsaidia. Mwenye ada ya mtoto inayodaiwa shuleni, kodi ya nyumba iliyopitiliza na mzazi mgonjwa kijijini hawezi kuacha kuwaza kwa sababu tu ameambiwa aache. Akijikaza mchana kutwa, mawazo yatamsubiri kitandani saa nane za usiku.

Akili haitulii kwa kukatazwa. Hutulia pale shida zinapopangwa moja moja, usingizi unapokuwa wa kutosha, mwili unapotembea, na mtu anapokuwa na wa kuzungumza naye na kitu cha kujifunza. Hayo hayadai likizo wala fedha nyingi. Yanaingia ndani ya siku ya kawaida ya mama lishe, mwalimu, dereva wa bodaboda au mstaafu. Tuyachukue moja baada ya jingine, kisha tuseme wazi ni wakati gani hayatoshi na hospitali ndiyo njia.

Chukua karatasi na kalamu

Shida zikiwa kichwani huonekana nyingi kuliko zilivyo, kwa kuwa ile ile hurudi mara kumi kwa sura tofauti. Ziandike zote, kubwa na ndogo, bila kupamba. Kisha zigawe mafungu matatu: zile unazoweza kuzifanyia jambo wiki hii, zile zinazomhitaji mtu mwingine au muda, na zile zisizo mikononi mwako kabisa.

Katika fungu la kwanza chagua moja tu. Si lazima iwe kubwa kuliko zote. Iwe ile ambayo hatua yake ya kwanza unaiona. Hatua hiyo ipe siku na saa. "Nitashughulikia ada" bado ni mawazo. "Jumatano saa nne asubuhi nitakwenda kwa mhasibu wa shule kuomba nilipe kwa awamu tatu" huo ndio mpango. Ukimaliza moja, chukua ya pili.

Njia hii ina ushahidi. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, akaanza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na kile wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hawakutoa dawa wala mahubiri. Walimwacha mtu azitaje shida zake zote, wakamwomba achague moja, wakatafuta naye hatua ya kuichukua, na alipofika tena wakaulizana imekwendaje. Mpango huo ulijulikana kama Benchi la Urafiki. Utafiti uliofanyika katika zahanati za Harare kwa watu 573, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Madeni yanastahili karatasi yake peke yake. Watu wengi siku hizi wanalala macho kwa sababu ya mikopo ya haraka, ile iliyobatizwa jina la "kausha damu", na mikopo ya kwenye simu inayochukuliwa kulipa mikopo mingine. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, riba gani na lini. Anayedai kwa riba kubwa alipwe kwanza. Wengine waendee mapema, kabla ya tarehe, uombe kupangiwa upya. Na mweleze mwenzi wako. Deni linalofichwa ndani ya nyumba huumiza mara mbili: kwa riba yake, na kwa hofu ya siku litakapojulikana.

Kwa yale yasiyo mikononi mwako, jitengee muda wa kuyawaza. Chukua dakika ishirini, tuseme saa kumi na moja jioni, ukae uyawaze kwa makusudi. Yakija saa tano usiku, yaambie zamu yao ni kesho jioni. Mwanzoni utajiona kama unajichezea, lakini baada ya siku kadhaa kichwa huzoea ratiba. Mwenye dini aifanye saa hiyo kuwa ya dua au sala: kumwachia Mungu kuna maana zaidi ukishajua unamwachia lipi na lipi umelibakiza kulifanya mwenyewe.

Usingizi si uvivu

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi kwa usiku. Tumezoea kumsifu anayelala kwa saa nne tu kwamba ni mpambanaji, huku tukishangaa kwa nini anafoka ovyo, anasahau funguo na anakosea kurudisha chenji. Akili iliyokosa usingizi huona kila jambo kuwa zito kuliko lilivyo. Kabla hujaamua kwamba ndoa imekushinda au kazi haikufai, hakikisha umelala vizuri siku tatu mfululizo.

Anza na saa ya kuamka. Ukiamka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, saa ya kulala hujipanga yenyewe. Kahawa na chai kali ziishie mchana: kiasi cha nusu ya kafeini uliyokunywa huwa bado mwilini baada ya takribani saa tano, kwa hiyo vikombe vya barazani vya saa mbili usiku ndivyo vinavyokukodolesha macho usiku wa manane. Wanaotegemea vinywaji vya kuongeza nguvu ili wamalize zamu wajue kwamba vinawanyima usingizi ambao ungewapa nguvu hizo kweli.

Ukikaa kitandani zaidi ya dakika ishirini bila usingizi, ondoka. Kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu kisichosisimua kama kukunja nguo, urudi macho yakilegea. Mlinzi au muuguzi anayetoka zamu ya usiku aweke pazia zito dirishani, na familia ijue kwamba saa zake za mchana ni usiku wake.

Wazazi wenye watoto wa mitihani wasikilize hili pia. Mwanafunzi anayepiga msuli usiku kucha anajiibia mwenyewe, kwa sababu ni wakati wa usingizi ndipo ubongo unapoyakaza yale aliyosoma. Saa mbili za kusoma na usiku mzima wa kulala zitamfaa kuliko mkesha.

Miguu nayo huuguza akili

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayoharakisha mapigo ya moyo, yaani nusu saa kwa siku tano. Mazoezi ya namna hiyo hupunguza huzuni na wasiwasi, na hurahisisha usingizi. Hakuna haja ya kulipia ukumbi wa mazoezi. Shuka kwenye daladala au matatu vituo viwili kabla ya kwako, utembee kwa mwendo wa mtu anayewahi. Ukipata mwenza wa kutembea naye, umepata na mtu wa kuzungumza naye.

Ushauri huu unawahusu zaidi wanaokaa: wenye maduka, makarani, madereva, mafundi cherehani. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuteka maji, akalima na kubeba kuni, hahitaji kuambiwa akakimbie jioni. Anachohitaji ni mtu wa kumpokea kazi ili apumzike, na huo ndio mchango wa wengine katika afya yake ya akili.

Mwili ukiharibika, ubongo nao hauponi. Shinikizo la juu la damu na kisukari huharibu mishipa midogo ya damu, pamoja na ile ya kichwani. Pima presha kila upitapo zahanati, hata kama hujisikii vibaya, maana ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Na ukipanda bodaboda, dai kofia ngumu. Kuumia kichwa ni mojawapo ya mambo yanayoongeza uwezekano wa kupoteza kumbukumbu baadaye.

Simu iwe na zamu yake

Simu imetuletea ndugu karibu, na imetuletea pia misiba ya watu tusiowajua kabla hatujanawa uso. Ipe mipaka miwili tu. Usiifungue katika nusu saa ya kwanza baada ya kuamka, na usilale nayo kitandani. Ichaji upande wa pili wa chumba. Makundi ya WhatsApp uyanyamazishe, uyasome mara mbili kwa siku. La dharura litakuja kwa kupigiwa.

Kubeti kunahitaji tahadhari ya peke yake, hasa kwa vijana. Mtu anaweka fedha ya kula, mkeka unachanika, anaweka tena ili arudishe iliyopotea, na kufikia usiku hana fedha wala amani. Ukijiona unabeti ili kurudisha hasara, au unaficha kiasi unachotumia, hiyo si burudani tena. Futa programu hiyo, mweleze mtu mmoja unayemwamini, na kwa miezi kadhaa mwachie yeye asimamie fedha zako za akiba. Haya ya siku moja ni nafuu kuliko aibu ya kuuza kiwanja cha familia.

Tafuta mtu mmoja wa kweli

Mwanamume anaweza kukaa kijiweni kila jioni, akabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka sauti ikakauka, na bado asiwepo hata mmoja pale anayejua kwamba ameachishwa kazi. Kukaa na watu ni jambo jema, lakini kinachokinga akili ni kuwa na mtu unayeweza kumwambia, "Ndugu yangu, nimekwama." Hahitaji kuwa msomi. Anatosha kama anaweza kusikiliza na kutunza siri. Akina mama wengi humpata kwenye vikoba au jumuiya za dini, na wanaume nao waamue kumtafuta. Anayefanya kazi ugenini, kama mabinti wanaofanya kazi za ndani Oman, apangiwe na familia siku maalumu ya kupigiwa, na maongezi yasianze kwa kuombwa fedha.

Nawe jifunze kusikiliza. Mtu akikufungulia moyo, usimkatize kwa methali, usimsimulie yako iliyo kubwa zaidi, usiharakishe kumwambia "yataisha". Muulize: Umelala? Umekula? Kati ya yote haya, lipi linakuelemea zaidi? Kisha nyamaza. Wengi hufika kwenye suluhisho wakiwa wanajieleza.

Wazee wasiachwe nyuma. Tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake mwaka 2024 katika jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takribani asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Miongoni mwake ni upweke, kutosikia vizuri na kutoona vizuri. Babu anayejitenga sebuleni huenda hana kinyongo na mtu, hasikii mnachosema. Mpelekeni akapimwe masikio na macho. Na bibi anayesahau majina na kutangatanga usiku ni mgonjwa. Kumwita mchawi ni ukatili, na mahali pengine kumewagharimu wazee maisha.

Akili ipewe kazi

Kupumzisha akili ni nusu ya matunzo. Nusu nyingine ni kuitumikisha katika jambo lenye ugumu wa kiasi, lisilofanana na kazi ya kila siku. Mhasibu atafaidika zaidi na kujifunza kushona au kupiga kinanda kuliko na hesabu nyingine.

Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret, Kenya, mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta ada katika shule za msingi. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe badala ya kusomewa. Julius Nyerere naye hakuwa na uhaba wa shughuli mwaka 1963, ilipochapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Alikuwa Rais wa nchi changa. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Mmoja alikuwa mzee asiyejua kusoma, mwingine kiongozi mwenye taifa mabegani, na wote wawili walipata saa ya kuipa akili jambo gumu. Sisi tunaosema hatuna nafasi tujipime hapo.

Vyombo vya kuinolea akili tunavyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huhesabu kete zitaishia wapi kabla hajatia mkono, iwe kwenye namua, awamu ya kwanza ya mchezo, au kwenye mtaji, awamu ya pili. Kaa na mzee akufundishe. Atafurahi, nawe utaondoka na kichwa kilichochemka. Rudisheni vitendawili baada ya chakula cha usiku. Kuvitega vyenu wenyewe, kwa vitu vilivyomo nyumbani, ni kazi ngumu zaidi kuliko kutegua vya zamani, na watoto huwashinda wakubwa mara nyingi.

Soma kurasa kumi kila siku za kitabu kisicho cha kazini. Asiye na fedha ya vitabu ajiunge na maktaba ya mkoa, au aanzishe na majirani wanne utaratibu wa kubadilishana. Ukimaliza sura, funga kitabu umweleze mtu ulichoelewa. Usipoweza kueleza, hukuelewa, rudia. Na ulichojifunza ukirejee kesho, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, aligundua kwamba mengi tunayojifunza hupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Hii inamfaa anayejifunza lugha, Kurani, sheria za barabarani au mapishi mapya.

Chupa si daktari

Pombe humpa mtu saa mbili za kusahau, kisha humvurugia usingizi na kumwamsha alfajiri na wasiwasi ule ule, sasa ukiwa na deni la baa juu yake. Mirungi na bangi nazo zinaweza kuamsha au kuzidisha ugonjwa wa akili, hasa kwa vijana. Kipimo rahisi ni hiki: kama unatumia ili uweze kulala, kuongea na watu au kuikabili siku, omba msaada wa kuacha. Mnywaji wa kila siku wa pombe nyingi asikatishe ghafla peke yake, maana mwili unaweza kupata mtikisiko wa hatari. Aanzie hospitali.

Haya yasipotosha

Kuna maradhi yasiyoondoka kwa matembezi wala kwa bao. Huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, usipendezwe tena na uliyoyapenda, usile au ule kupita kiasi, ujione huna thamani, ushindwe kazi, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini anafuatwa, au aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku akijiona ana uwezo usio wa kawaida, apelekwe haraka. Mama aliyejifungua naye aangaliwe: kulia kusikokwisha na kutomjali mtoto kunaweza kuwa ugonjwa, na si haki kumwambia anadeka.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, useme shida yako wazi: "Silali, nina mawazo yasiyoisha." Wakishindwa watakupa rufaa. Tanzania Bara kuna Mirembe mkoani Dodoma na kitengo cha magonjwa ya akili Muhimbili. Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Nairobi kuna Mathari, na Kampala kuna Butabika. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu umepata nafuu. Rudi kwa daktari muamue pamoja. Anayekwenda kuombewa aendelee kuombewa, na vidonge avimeze.

Mtu akisema amechoka kuishi, mwamini. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya, linampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa sumu za wadudu na dawa nyumbani, mfuatane hospitali siku hiyo hiyo. Hofu ya sheria imewanyamazisha wengi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Popote ulipo, anayefika mwisho wa uvumilivu wake anahitaji daktari, na anahitaji mtu wa kumsindikiza kwake.

Usijaribu kuyatekeleza yote haya kwa mpigo, utachoka kabla ya Ijumaa. Leo usiku andika shida zako, uchague moja na uipe siku na saa. Kesho ongeza saa ya kuamka isiyobadilika. Wiki ijayo mtafute yule mtu mmoja. Na ukimkuta mwenzako amejiinamia, usimwambie aache mawazo. Keti naye, umuulize ni yapi.